Mapigo ya Moyo Mbele ya Sahani

Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake cha Kanuni namna ya kumtambua mgonjwa wa mapenzi: tabibu amshike kifundo cha mkono, kisha ataje majina ya watu na mitaa, akiangalia ni jina gani linaloyavuruga mapigo. Tabibu Galeni, aliyefanya kazi Roma, alikwisha kufanya jambo kama hilo katika karne ya 2. Mapigo yalionyesha kwamba mtu ameguswa. Kilichomgusa kilijulikana kwa kutajwa. Wanaopima moyo leo ili kujua chakula kipi kinapendwa ingefaa waanzie hapo.

Vyombo vilikuja baadaye. Mwaka 1860 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitumia chombo kinachochora mapigo ya mshipa kwenye karatasi, na Willem Einthoven wa Uholanzi alipata Nobeli mwaka 1924 kwa kazi ya kupima umeme wa moyo. Usahihi huo ulizaa imani kupita kiasi. Mwaka 1956 daktari Arthur Coca wa Marekani alitoa kitabu akidai kuwa chakula kinachopandisha mapigo ndicho kinachomdhuru mlaji, dai ambalo sayansi haikulithibitisha. Moyo huongeza kasi baada ya mlo wowote mkubwa, kwani utumbo unahitaji damu zaidi. Tena katika miaka ya 1960 wanasaikolojia John na Beatrice Lacey walionyesha kwamba moyo huweza kupunguza kasi mtu anapokazia macho kitu cha nje. Basi sahani inayotamaniwa huenda ikautuliza moyo kwanza, kabla ya kuukimbiza.

Chukua bada, yaani ugali wa muhogo, na papa mkavu, chakula cha pwani ya Tanga. Harufu ya papa humjaza mmoja mate na kumfanya mwingine akunje pua, na mioyo yote miwili yaweza kushtuka. Naye mchimba mawe ya chokaa wa Pongwe, huko huko Tanga, aliyetoka juani atakuwa na mapigo ya juu hata kabla ya kunawa mikono.

Atakuja mtu aseme: mdomo una adabu, mgeni hawezi kukikashifu chakula mbele ya mwenyeji wake, kwa hiyo moyo ndio shahidi mkweli. Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali nusu. Moyo hausemi uongo kuhusu kushtuka, lakini hautofautishi hamu na kinyaa. Ndiyo maana watafiti makini huunganisha mapigo na jasho la ngozi na mabadiliko ya uso, na bado humuuliza mlaji. Adabu nayo ina dawa: mlaji aulizwe faraghani, mpishi asiwepo, na mapigo yake yapimwe kwanza akiwa amepumzika.