Jemadari wa Kiganda aliyewaachia wajukuu Sabato

Mwaka 1919, chini ya Mlima Elgon, jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu alijitahiri, kisha akawatahiri wanawe. Kwa Mgisu, mwenyeji wa huko, hilo si jambo la kushangaza. Mbale, chini ya mlima huo, ni nchi ya imbalu, tohara ya jadi, ambako kijana hahesabiwi mwanamume mpaka asimame mbele ya kisu, watu wakimtazama. Ila Kakungulu alikuwa Mganda, na kwa mila Waganda hawatahiri. Wenzake wa madhehebu ya Kikristo ya Wamalaki, wale waliokataa dawa za hospitali, walimwambia hayo ni mambo ya Kiyahudi. Inasimuliwa kwamba aliwajibu kuwa, kama ni hivyo, tangu siku hiyo yeye ni Myahudi.

Kakungulu ndiye aliyewatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda, akitarajia kulipwa ufalme wa eneo hilo, Bukedi. Hakuupata. Walimpunguzia madaraka kidogo kidogo, naye akabaki Mbale na Biblia ya Kiganda, ambayo tafsiri yake kamili ilikuwa imetoka mwaka 1896. Wapo wanaosema dini yake mpya ilikuwa hasira tu dhidi ya wakoloni. Hasira ilikuwapo, sikatai, lakini hasira peke yake haikalishi mtu chini aandike kitabu cha kurasa 90 cha kanuni na sala, kama alivyofanya yeye mwaka 1922.

(Msomaji asichanganye habari hii na mpango wa 1903 wa kuwahamishia Wayahudi wa Ulaya "Uganda". Ardhi iliyokusudiwa ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo, na Wazayuni waliikataa mwaka 1905.)

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake, Abayudaya, waliendelea kuwatahiri watoto wao siku ya nane, kupumzika Jumamosi na kutokula nguruwe. Kisha akaja Idi Amin. Alipiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa, na wengi wakaingia Ukristo au Uislamu ili wasalimike. Jamii iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ilibaki na mamia machache tu, waliosali kwa siri. Gershom Sizomu, aliyekuwa mtoto wakati huo, amesimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa kujenga kibanda cha matawi cha Sikukuu ya Vibanda, na familia ikamkomboa kwa mbuzi.

Utawala wa Amin ulipoisha, Kampala ikiangukia mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda, Aprili 1979, Wayahudi walikuwa wanaingia Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Huko Mbale hawakuhitaji mtu wa kuwafafanulia maana yake.

Vijana ndio waliofufua jumuiya katika miaka ya 1980, wakiishi pamoja kwenye kilima cha Nabugoye na kuimba zaburi kwa Kiganda. Sizomu alikuwa mmoja wao. Mwaka 2008 alipata urabi Los Angeles, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Mwenzake, J. J. Keki, alianzisha mwaka 2004 ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, unaowaunganisha wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo.

Nje ya Uganda, Abayudaya wamekuwa wakipimwa upya kila mara. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo walikuja kuwazamisha majini mamia yao kwa ibada ya kuingia Uyahudi, kana kwamba wazazi wao hawakuwa wameteseka kwa dini hiyohiyo. Mwaka 2016 Shirika la Kiyahudi la Israel liliwatambua. Miaka miwili baadaye Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ilimkatalia mmoja wao ombi la kuhamia huko. Uraia ni wa Waisraeli kuutoa au kuunyima. Uyahudi wa Nabugoye si wao waliouanzisha, na hawana mamlaka ya kuufuta.