Nani Alikusimulia?

Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa ofisi ya parokia hapa Sumbawanga, na kazi iliyonipitia mikononi kuliko zote ni kutafuta majina ya watu walioondoka zamani. Kijana anataka kufunga ndoa Dar es Salaam, padri wa kule anamdai cheti cha ubatizo, naye anamtuma shangazi yake ofisini na jina, jina la baba na mwaka wa kukisia. Namwamkia shangazi, namkaribisha kiti, tunaanza. Alibatizwa kigango gani? Msimamizi wake nani? Hapo shangazi huanza kusimulia: nani alihama Kate, nani alifia Mwimbi, kwa nini mtoto alilelewa na bibi. Cheti kikishapigwa muhuri, anaondoka. Aliyoyasema hayakuandikwa popote.

Sisi Wafipa tuna maandishi mengi kuhusu sisi, kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walikabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885, kisha wakapanda polepole kutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hadi huku juu. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikwisha kuwaagiza kwamba kila kituo kiwe na shajara. Pamoja na shajara kulikuwa na madaftari ya ubatizo, kwa Kilatini: jina, wazazi, msimamizi, na pembeni nafasi ya kuongeza ndoa na kifo. Anayejua kuyasoma hupata zaidi ya kilichoandikwa. Lavigerie alitaka mtu mzima afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Kwa hiyo ukimkuta mama wa bibi yako amebatizwa mtu mzima mwaka 1912, jua kwamba kufikia 1908 alikuwa amekwisha kuanza kwenda kwenye mafundisho, labda kwa kutembea saa nyingi. Tayari una picha ya msichana mwenye uamuzi wake.

Kilichompeleka huko, daftari halisemi. Wala halimtaji dada yake aliyekataa kubatizwa.

Habari za watawala nazo hutegemea aliyezisimulia. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliishi Ufipa miaka ya 1960. Akachapisha kitabu cha ngano zetu mwaka 1978 na kingine cha historia ya utawala mwaka 1981. Kiini cha historia hiyo ni kisa cha Milansi, kijiji kilicho chini ya mlima Itwelele. Mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake wageni wa ukoo wa Watwachi, mkewe akawapa kigoda cha enzi, na aliporudi nchi ilikuwa imebadili mikono. Yeye alibaki na Milansi na heshima ya kidini. Watwachi baadaye wakagawanyika, wakawa na Nkansi na Lyangalile.

Kisa hiki nimekisikia kwa watu wengi, na sikumbuki kukisikia kwa namna moja. Mwenye asili ya Milansi atakaza sauti pale anapoeleza kilichobaki na ambacho hakikuchukuliwa. Anayejinasibisha na Mwene, yaani mtawala, wa Nkansi atapita hapo haraka na kukawia kwenye kigoda. Ukiviandika visa hivyo bila kusema kila kimoja kimetoka kwa nani, umechanganya madai mawili na kuyafanya uji. Jina la msimulizi ni sehemu ya habari yenyewe.

Ndivyo ilivyo hata kwenye ukoo usio na kigoda. Babu yangu alikwenda Tanga kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, kama Wafipa wengi wa enzi ya Mwingereza. Upande wa baba husema alikwenda kutafuta mahari. Bibi, aliyebaki na watoto, alisema kodi ndiyo iliyomwondoa, na kwamba yeye ndiye aliyefukia nyasi kwenye matuta ya intumba, akapanda ulezi, akalisha watoto wa watu wawili. Nimeandika yote mawili, kila moja na mwenyewe. Sina haja ya kuwapatanisha.

Miaka haitajwi kwa namba, lakini ipo. Mzee hatakwambia amezaliwa lini. Atakwambia mama yake alimbeba mgongoni wakati wa nzige, nao walisumbua sana miaka ya 1930, maana bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu. Anayesimulia habari za wazazi wake atataja meli ya Liemba iliporudi kusafiri Ziwa Tanganyika, yaani 1927. Mwingine atasema Wajerumani walipoweka silaha chini: jenerali wao, von Lettow-Vorbeck, alijisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo tu ya mpaka, tarehe 25 Novemba 1918. Vijiji vya ujamaa ni 1974. Uliza kwa matukio.

Lipo jambo ambalo familia nyingi hulifunika, nalo ni utumwa. Karema ililea watoto waliokombolewa, na kwa baadhi ya wajukuu wao ukoo kwenye karatasi huanzia mlangoni pa misheni. Ninawasihi wasione haya. Adrian Atiman alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa na mapadri, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa binti wa mtawala wa Wabende, na mwanawe akawa padri. Habari zake alizisimulia mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hakuficha kwamba aliuzwa. Leo hospitali mjini kwetu ina jina lake.

Basi ukirudi Ufipa likizo, rekodi kwa simu, na kwa Kifipa kama msimulizi anazungumza Kifipa, tafsiri itafuata. Mwanzoni taja jina lake, kijiji, tarehe na waliokuwapo, kwa sababu mtu husema tofauti mbele ya mkwe. Akiomba jambo lisitoke nje ya nyumba, liheshimu. Kisha yaandike masimulizi kwenye daftari la karatasi na uache nakala kwa ndugu wa kijijini, kwani simu huibiwa. Na anza na bibi wa upande wa mama. Ndiye aliyeandikwa kidogo kuliko wote.