MSIKITI WA RIYADHA: NANI ANA HAKI YA KUSOMA?



Ndugu zangu katika imani, ukifika Lamu, upande wa Langoni, utaukuta Msikiti wa Riyadha. Wengi wetu tunaujua kwa Maulidi ya Mfunguo Sita, wageni wanapomiminika kutoka pwani nzima. Lakini tujiulize: msikiti huu ulijengwa kwa ajili ya nani?

Lamu ya karne ya 19 ilikuwa na matabaka. Wangwana waliishi Mkomani kwenye majumba ya mawe. Langoni kulikuwa na vibanda vya makuti, na humo waliishi watumwa, walioachwa huru, na wageni kutoka Ngazija na Hadhramaut. Elimu ya dini ilikuwa mali ya watoto wa wangwana. Mtumwa alitumwa kazi, hakufundishwa kitabu.

Akaja kijana kutoka Ngazija, Sharifu Saleh bin Alawi Jamalilleli, ambaye watu walimwita Habib Saleh. Naye alikuwa na nasaba tukufu, angeweza kukaa na wakubwa. Badala yake akakaa Langoni, akawasomesha wale waliodharauliwa. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukia, lakini hakuacha. Kutokana na darsa zile ukasimama Msikiti wa Riyadha, mwanzoni mwa karne ya 20. Kumbukeni, utumwa pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Sheria ya serikali ilikuwa bado haijafika, na mtumwa alikwishakalishwa kwenye mkeka mmoja na wengine.

Habib Saleh alifariki 1935, Allah amrehemu. Wanafunzi wa Riyadha walienea Afrika Mashariki wakifundisha.

Ndugu yangu, Suratul Hujurat aya ya 13 tunaisoma sote: ubora ni kwa ucha Mungu. Sasa tazama msikiti wa mtaani kwako. Kijana wa bodaboda anayepaki nje, ana darsa? Kuli wa sokoni, kuna anayemfundisha baada ya Isha? Na dada wa kazi nyumbani kwako, je, Alhamdu anaijua vizuri, au anajua kuosha vyombo tu? Wanao wana ustadhi, yeye ana nani?

Anza leo, hata kwa aya moja.

Allah atujaalie misikiti yetu iwe ya wote. Amin. Mfikishie na mwenzako.