Sahani Iliyomkumbuka Msagaji

Mwaka jana mjomba wangu, ambaye huongoza watalii, alinialika chakula cha jioni katika hoteli ya kifahari ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Orodha ya vyakula ilikuwa ya Kifaransa. Nilichagua tilapia meunière kwa sababu neno la kwanza nililijua: ni ngege, samaki ambaye baba yangu huvua Katunguru.

Chakula kililetwa kwa zamu: supu, samaki, kisha kitindamlo. Nilidhani Wafaransa wamekula hivyo tangu zamani. Sivyo. Zamani mabwana wa Ufaransa waliandaliwa sahani nyingi mezani kwa pamoja. Desturi ya kuleta chakula kimoja baada ya kingine ilitoka Urusi, ikaenea Paris katika karne ya 19. Mpishi Auguste Escoffier na mwenye hoteli César Ritz waliiimarisha katika hoteli kubwa. Hoteli ya Ritz ilifunguliwa Paris mwaka 1898, na mwaka 1903 Escoffier akachapisha kitabu cha mapishi ambacho wapishi wa hoteli wa nchi nyingi walikifuata.

Nalo neno meunière maana yake ni mke wa msagaji, kwa kuwa samaki hupakwa unga kabla ya kukaangwa kwa siagi. Basi sahani ile ilimkumbuka msagaji wa Ufaransa.

Mvuvi je? Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza eneo letu kuwa hifadhi, ikaiita Kazinga. Mwaka 1954, Malkia Elizabeth alipozuru Uganda, ikapewa jina lake. Katunguru, Hamukungu, Kasenyi na vijiji vingine vya wavuvi vilibaki ndani yake kama visiwa. Ardhi inayotuzunguka ni ya wanyama, kwa hiyo shamba letu ni maji. Hata humo, idadi ya mitumbwi hupangwa na serikali, na viboko hawaulizi leseni.

Kwa maoni yangu, historia ya chakula haipaswi kuanzia jikoni. Inapaswa kuanzia kwa aliyekitafuta chakula hicho, na kwa sheria zilizoamua atakitafuta wapi.

Niliporudi nyumbani nilimweleza baba kuhusu ile minofu laini, siagi na ndimu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na kichwa walimpa nani?"