Mfungo Kabla ya Komunyo

Msomaji, ukisafiri kwa barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, utapita Misikhu, na baadaye utafika Kamukuywa, mji mdogo wenye jina moja na mto wa mahali hapo. Ukifika asubuhi ya Jumapili utawakuta watu wamevaa nguo zao safi wakielekea kanisani. Labda utamsikia mzee akimkanya mjukuu wake aliyeshika kipande cha muwa: “Weka hicho mpaka turudi. Leo unakwenda kupokea.” Na mtoto, kama walivyo watoto, huenda akauliza: “Lakini, kuka, padre alisema ni saa moja tu. Mbona wewe hukula tangu jana?”

Swali la mtoto huyo si la mchezo. Mzee amelelewa katika amri moja, na mtoto katika amri nyingine, nao wote wawili ni Wakatoliki wa kanisa moja. Je, amri ilibadilika kwa sababu gani? Na je, heshima ya Sakramenti ilipungua pamoja na saa za mfungo? Natuyatazame mambo haya tangu mwanzo wake.

Desturi ya kupokea Komunyo kabla ya kula kitu ni ya kale sana. Mtume Paulo aliwakaripia Wakristo wa Korintho kwa kuwa walipokusanyika kwa chakula cha Bwana, huyu alikuwa na njaa na yule amelewa. Baadaye desturi ya kufunga ilienea, na yafaa ujue kwamba Waafrika walikuwa na sehemu kubwa katika kuithibitisha. Mtaguso uliofanyika Kartago, katika nchi iitwayo leo Tunisia, mwaka 397, uliagiza mapadre waadhimishe Ekaristi wakiwa wamefunga. Naye Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika karibu na mwaka 400 kwamba desturi hiyo ilishikwa na Kanisa lote. Sababu aliyoitoa ni nyepesi kufahamika: kwa heshima ya Sakramenti kubwa kama hiyo, Mwili wa Bwana uingie kinywani kabla ya chakula kingine chochote.

Desturi hiyo ikawa sheria. Kitabu cha sheria za Kanisa cha mwaka 1917 kilisema waziwazi kwamba asiyefunga tangu saa sita ya usiku asikaribie Komunyo. Maana ya kufunga ilikuwa kutokula wala kunywa kitu, hata tone la maji. Waliosamehewa ni walio katika hatari ya kufa, na kwa kadiri ndogo, wagonjwa waliolala kitandani mwezi mzima.

Lakini jambo jingine lilikuwa limetokea. Kwa karne nyingi Wakristo wengi walipokea mara chache sana. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulilazimika kuamuru kwamba kila Mkristo aungame na kupokea walau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Watu waliogopa, walidhani Komunyo ni tuzo ya watakatifu. Papa Pio wa Kumi aliigeuza fikira hiyo. Mwaka 1905 alitangaza kwamba kila Mkristo asiye na dhambi ya mauti, mwenye nia njema, aweza kupokea mara nyingi, hata kila siku. Mwaka 1910 akaongeza kwamba watoto wasizuiwe wakiwa wamefikia umri wa kupambanua, yaani karibu miaka 7, maadamu wajua tofauti ya mkate wa kawaida na Mwili wa Kristo.

Wakati huohuo mapadre wa Mill Hill walikuwa wakitoka Uganda kuingia magharibi ya Kenya. Walifika Kisumu mwaka 1903, Mumias mwaka 1904, kisha Mukumu. Na hatimaye kazi yao ikaenea hadi nchi ya Wabukusu, ambako misheni ya Kibabii ikawa na jina kubwa. Basi tazama, msomaji: Wakristo wa kwanza wa huku walipokea mafundisho mawili kwa pamoja. La kwanza lilisema, “Njoni mara nyingi.” La pili lilisema, “Njoni mkiwa na njaa na kiu tangu usiku.” Katika mji wa Ulaya, ambako kanisa liko mtaa wa pili, haikuwa vigumu sana kuyashika yote mawili. Huku misheni zilikuwa chache na njia ndefu.

Fikiri hali ya mtu wa siku zile. Jumamosi aliacha shamba mapema, akatembea hadi misheni, akangoja zamu yake ya kuungama. Wenye ndugu karibu walilala kwao. Wengine walianza safari usiku. Asubuhi alikaa katika Misa iliyosomwa kwa Kilatini, akapiga magoti kwenye kizuizi mbele ya altare, akapokea ulimini, kisha akarudi mahali pake kimya. Ndipo akaanza safari ya kurudi, na hapo ndipo alipotia kitu kinywani. Mama mwenye mtoto wa kunyonya alifunga vilevile. Kibarua wa mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia alifunga vilevile. Hata padre aliyesoma Misa mahali pawili hakuweza kunywa maji ya kukata kiu mpaka Misa ya pili iishe, ijapokuwa jua lilikuwa limepanda.

Tusidanganyane kwamba shida hiyo haikuwa na hasara. Aliyesahau akanywa maji alfajiri hakupokea siku ile. Wadhaifu na waliokaa mbali walikaa wiki nyingi bila Sakramenti, si kwa sababu ya dhambi, bali kwa sababu ya maili. Lakini tusikane pia kwamba ilikuwa na faida. Mwili wenyewe ulifundishwa kwamba siku hii si kama siku nyingine. Wabukusu hawakuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Kijana wa Kibukusu haamki tu akatahiriwa. Huwaendea jamaa zake kuwaalika, na alfajiri ya siku yenyewe hupakwa matope mtoni. Jambo kubwa lina njia yake ya kuliendea, na asiyeipita njia hiyo hajui thamani ya anakofika.

Roma nayo iliisikia shida ya misheni na ya wafanya kazi. Tarehe 6 Januari 1953 Papa Pio wa Kumi na Mbili alitangaza kwamba maji matupu hayavunji mfungo tena. Zaidi ya hayo, wenye kazi nzito, au wanaopokea saa za mchana kutwa, au wenye safari ndefu, waliruhusiwa kunywa kitu kisicho kileo hadi saa moja kabla ya kupokea. Na safari ndefu ilipimwa: kama kilometa 2 kwa miguu. Msomaji, kilometa 2! Wengi wa wazee wetu wangeiita hiyo safari ya kwenda kisimani. Tarehe 19 Machi 1957 Papa huyohuyo aliondoa kipimo cha usiku wa manane kwa watu wote, akaweka saa 3 kwa chakula na vileo, na saa 1 kwa vinywaji vingine. Tarehe 21 Novemba 1964 Papa Paulo wa Sita akapunguza mfungo wote uwe saa 1 kabla ya Komunyo. Sheria ya mwaka 1983 ikathibitisha hivyo, ikawasamehe wazee, wagonjwa na wanaowauguza.

Maisha ya mtu mmoja wa nchi hii yaweza kukuonyesha upana wa badiliko hilo. Maurice Otunga, mwana wa chifu, alizaliwa Chebukwa mwaka 1923, akabatizwa mwaka 1935, akapewa upadre Roma mwaka 1950. Alipowekwa wakfu kuwa askofu mwezi wa Februari 1957, mfungo wa usiku wa manane ulikuwa bado ni sheria. Mwezi uliofuata uliondolewa. Alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, akarudi na kuona Misa ikisomwa katika lugha za watu, na mwaka 1973 akawa Kardinali wa kwanza wa Kenya. Alifariki mwaka 2003. Kanisa alilolipokea kijanani kwa Kilatini na kiu, alilitumikia uzeeni kwa Kiswahili na saa moja ya kufunga.

Wako wasemao kwamba tangu hapo heshima imeanguka. Huwaona vijana wakiongea wakati wa mageuzo, au wakiinuka kwenda kupokea kwa sababu tu mstari mzima umeinuka. Lawama hiyo si ya bure. Lakini sababu yake si saa moja. Saa zilipunguzwa ili maskini na wa mbali wasinyimwe. Hazikupunguzwa ili moyo upumzike. Amri nyingine haikuguswa hata kidogo: mwenye dhambi kubwa aungame kwanza. Wala usidhani kwamba heshima huletwa na njaa peke yake. Jirani zetu wa Kanisa la Friends, walioanza kazi Kaimosi mwaka 1902, hawana mkate wala divai katika ibada yao, na bado hufundisha kuwa mtu amkaribie Mungu kwa utulivu wa ndani.

Basi mjukuu wa Kamukuywa hakukosea: sheria ni saa moja. Wala kuka yake hakukosea, kwa kuwa hakuna aliyemkataza kutoa zaidi. Zamani sheria ilimfanyia mtu nusu ya kazi ya kujiandaa. Njaa ilimkumbusha njia nzima anakokwenda. Leo kazi hiyo imeachwa mikononi mwako. Ukiungama kwa wakati, ukifika kabla ya kengele, ukijua unayemwendea, saa moja yatosha. Usipofanya hivyo, hata usiku mzima wa kiu usingekufaa kitu. Heshima si utumwa, walisema wahenga. Na isiyolazimishwa ndiyo iliyo ngumu zaidi kuitunza.