Kipimo cha Vinasaba katika Udhibiti wa Homa ya Nguruwe ya Afrika Nyanda za Juu Kusini

Homa ya Nguruwe ya Afrika ni ugonjwa wa virusi ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Hauambukizi binadamu, lakini hauna tiba na unaweza kuua karibu nguruwe wote bandani. Kwa mfugaji wa Mbalizi, mkoani Mbeya, hasara hiyo ni sawa na kupoteza akiba ya familia.

Kwa nini kipimo kinahitajika

Dalili zake ni homa kali, kukosa hamu ya kula, wekundu au rangi ya zambarau kwenye masikio na tumbo, na vifo vya ghafla. Baadhi ya magonjwa ya bakteria yanayotibika huonyesha dalili kama hizo, hivyo macho pekee hayatoshi kuthibitisha ugonjwa.

Namna kinavyofanyika

Mtaalamu wa mifugo huchukua damu ya mnyama anayeumwa, au kipande cha wengu au tezi cha aliyekufa, na kukihifadhi kwenye baridi. Maabarani, vinasaba hutenganishwa, kisha mashine ya PCR hurudufu sehemu mahususi ya kinasaba cha virusi mara nyingi hadi iweze kuonekana. Kazi hiyo huchukua saa chache baada ya sampuli kufika.

Kufuatilia chanzo

Kusoma mpangilio wa vinasaba huonyesha pia undugu wa virusi. Virusi vya mlipuko wa Dar es Salaam mwaka 2008 vilikuwa vya kundi la 15. Vile vya milipuko ya 2010 hadi 2012, iliyohusisha Mbeya, vilikuwa vya kundi la 2, lililofika Georgia mwaka 2007. Hivyo ilibainika kuwa mlipuko huo haukuwa mwendelezo wa ule wa 2008.

Wajibu wa mfugaji

Hatari kubwa ni kuuza au kuchinja nguruwe kabla ya majibu kutoka. Mbalizi ipo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, na nyama yenye virusi husafiri mbali. Wananchi wanashauriwa:

- kutoa taarifa mapema kwa afisa mifugo wa kata, kama inavyotakiwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003;
- kutohamisha nguruwe wala nyama wakati wa kusubiri majibu;
- kutolisha mabaki ya chakula yasiyochemshwa;
- kufukia mizoga kwa maelekezo ya mtaalamu.