Kitufe Kilichomwita Mtu Mjinga

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha chuo ilikuwa kuandika maneno madogo: yale ya kwenye vitufe na jumbe za simu. Karo ilikuwa imenishinda, na programu moja ya mikopo ilikuwa inalipa kwa kila skrini. Nikaandika Kiswahili cha mtihani: "Muamala umebatilishwa kutokana na hitilafu ya uthibitishaji." Nikajipa alama zote.

Miezi miwili baadaye nikamkuta shangazi kwenye kibanda chake cha mboga, ameikodolea simu macho. Ujumbe ni ule ule.

"Hebu angalia, mwanangu, nimeharibu nini tena? Mimi sikusoma, hizi vitu hunishinda."

Alikuwa amekosea tarakimu moja ya namba ya siri, hivyo tu. Sikumwambia ni nani aliandika.

Usiku huo nikaanza kutafuta historia ya hii kazi, manake lazima kuna mtu alikosea kabla yangu. Nikampata Marekani.

Mwaka wa 1981, Apple ilikuwa inaunda kompyuta iitwayo Lisa. Enzi hizo, kompyuta nyingi uliziendesha kwa kuandika amri ulizokariri. Lisa ilikuja na kipanya, madirisha, na visanduku vya kukuuliza swali kabla kitendo hakijafanyika. Kila kisanduku kilihitaji kitufe cha kukubali. Waundaji waliona "OK" ni neno la mtaani mno, wakaweka "Do It", yaani "Fanya".

Larry Tesler, aliyekuwa amehamia Apple kutoka Xerox PARC mwaka wa 1980, alikuwa na mazoea ya kumketisha mtu asiyeijua programu mbele ya skrini, kisha anamtazama tu. Kwenye majaribio hayo watu walikuwa wakifika kwa kile kitufe, wanasita. Mmoja akakasirika kabisa. Kwa nini mashine inamwita "dolt"? Hilo kwa Kiingereza ni tusi, yaani mjinga, bozi. Kwa herufi za skrini ile, I kubwa ilifanana na l ndogo, na nafasi kati ya yale maneno mawili ilikuwa finyu. Mtu alisoma alichokiona.

Ingekuwa rahisi kusema huyo hajui kusoma. Wao wakaondoa neno, wakaweka lile "OK" walilolidharau. Lisa ilitoka Januari 1983 kwa dola 9,995 na haikuuza vizuri, lakini kitufe kilihamia Macintosh mwaka wa 1984. Leo ukiweka simu yako Kiswahili, mjukuu wake anakungoja pale: "Sawa".

Mimi sikuwa na maabara. Nilikuwa na shangazi na kijikaratasi. Nikarudi kibandani, nikamsomesha ujumbe wangu neno kwa neno, na mara hii nikanyamaza. "Hitilafu" alijua ni mambo ya stima. "Uthibitishaji" aliuruka. Alipofika mwisho akauliza swali moja: "Sasa pesa yangu iko ama imeenda?"

Sentensi yangu yote ndefu, na hilo haikulijibu. Nikaandika upya hapo hapo, juu ya gunia la viazi: "Namba ya siri si sahihi. Pesa zako hazijatoka. Jaribu tena." Sentensi ya katikati ni yake. Kwa kitufe cha "Sawa" hakusita. Kwa "Ghairi" akanitazama, tukaweka "Acha".

Ndipo nikakiri kwamba ule ujumbe wa kwanza niliuandika mimi. Akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Kumbe mjinga hakuwa mimi!"

Akanifungia sukuma ya mbao, bure.